Sheria ya Sahani

Nchi ninayotaka kuwasimulia haipo, na anayedhani ameitambua akapimwe macho. Haina jina, haina bendera, na viongozi wake hawajapata kumkosea mtu. Mimi niliishi humo miaka arobaini na tisa, katika Mtaa wa Upendano, nyumba namba kumi na nne, na miaka mitatu ya mwisho nilikuwa Katibu wa Mtaa. Nilichaguliwa kwa sababu nina mwandiko mzuri na sina tabia ya kuuliza maswali. Sifa zote mbili bado ninazo.

Mkuu wa nchi hatukumwita rais wala mfalme. Tulimwita Jirani Mkuu, kwa jinsi alivyowapenda majirani. Aliwapenda mno, hata alipohamia jumba la serikali aliiondoa mitaa mitatu iliyolizunguka ili apate utulivu wa kuwapenda vizuri. Mashariki akabaki na ukuta, magharibi kikosi cha askari, na kusini bwawa lenye mamba wawili aliozawadiwa na nchi rafiki. Kutoka humo alituhutubia kila Ijumaa juu ya ujirani mwema, na sisi tulimsikiliza redioni, kila mtu nyumbani kwake, madirisha yamefungwa ili jirani asifaidi redio yetu.

Ijumaa moja akakumbuka utoto wake. "Ndugu majirani," akasema, "mimi nililelewa na sahani za majirani! Mama yangu alipopika, sahani ilikwenda ng'ambo ya pili. Na iliporudi, haikurudi tupu! Leo nauliza: sahani ziko wapi? Taifa lisilopelekeana sahani ni taifa au ni stendi?"

Hayo yalikuwa kweli, na ndiyo yaliyoniponza kuamini na mengine. Kwetu ukipika kitu kizuri unamfunikia jirani kidogo, naye siku akipata chake anaitia sahani chochote ndipo anakurudishia. Hakuna aliyefundishwa jambo hilo na serikali. Kwa hiyo serikali ikaona aibu kwamba jambo zuri namna ile linafanyika bila kibali, na Jumatatu Bunge likapitisha Sheria ya Sahani kwa dakika kumi na moja, nne kati ya hizo zikiwa za makofi.

*

Sheria ilikuwa rahisi. Sahani ikiingia nyumbani kwako, sharti irudi ilikotoka ndani ya saa ishirini na nne, isirudi tupu, na kilichomo kisipungue hadhi ya kilicholetwa. Ukishindwa mara tatu unatangazwa Asiye Jirani. Na anayekutwa amekaa na sahani ya mwenzake zaidi ya saa hizo ishirini na nne, huyo hata kusikilizwa hana haja. Anakuwa Asiye Jirani palepale alipo. Kwa kuwa asiye jirani hawezi kukaa jirani na mtu, anapakiwa kwenye lori na kupelekwa Kwa Mbali, tambarare isiyo na kisima, ambako vibanda vimejengwa mbalimbali makusudi ili wakazi wasije wakaombana chumvi.

Hadhi ya vyakula haikuachwa kwa wapishi. Kamati ya Taifa ilikaa hotelini miezi kumi na minne ikatoa Jedwali la Hadhi, kurasa sitini na mbili. Biriani ya mbuzi ilikuwa daraja la kwanza, kuku wa nazi la pili, na kuendelea hivyo hadi mihogo ya kuchemsha, ambayo iliwekwa ukurasa wa mwisho pamoja na magonjwa ya mlipuko. Ugali haukupata daraja kwa sababu wajumbe wawili walipigana ulipofikiwa.

Kila sahani ilipaswa kupita kwangu. Niliwekewa meza barazani, na muhuri, na kijiko cha serikali. Nilifunua kawa, nikanusa, nikaonja vijiko vitatu kwa ajili ya kumbukumbu, nikafungua Jedwali, nikagonga muhuri. Fomu ilikuwa ya nakala tatu: moja kwa mpelekaji, moja kwa mpokeaji, na ya tatu ofisini, ambayo ililowa mchuzi kila mara. Panya walizila kumbukumbu zote za robo ya kwanza ya mwaka, nikaandika kwenye ripoti kwamba zimehifadhiwa mahali salama.

Katika kipindi hicho nilinenepa sana, nami nililibeba jukumu hilo kwa ajili ya taifa. Mke wangu, mama Riziki, hakuwa na uzalendo wa kulielewa jambo hilo.

"Unakula vya watu na kuwagongea mihuri," alisema.

"Naonja, mama Riziki. Kula na kuonja ni idara mbili tofauti."

"Haya, idara. Usiniguse na hiyo mikono ya mafuta."

*

Nadhani Jirani Mkuu alitarajia tupendane. Sisi wa Upendano tulikuwa tumechukiana kwa utulivu miaka mingi, kila mtu na sababu zake nzuri. Namba tisa alikaa mwalimu aliyepiga honi ya pikipiki kila alfajiri, na namba kumi alikaa fundi seremala aliyemwaga maji ya kufulia mlangoni kwa mwalimu. Zamani walitukanana, wakapumua, yakaisha. Baada ya sheria waliacha kutukanana wakaanza kupikiana.

Mwalimu ndiye aliyeanza. Alimpelekea fundi mchuzi wa mbuzi, tena akautengeneza vizuri kwa chuki yote aliyonayo, na iliki juu. Fundi akajibu kwa kuku wawili wazima. Mwalimu akachinja bata wake. Fundi akachinja mbuzi wa shemeji yake bila kumwambia. Kwa wiki tatu nyumba zile mbili zilikula vizuri kuliko waziri, na kila aliyekula alikula akilia. Kuanzia siku ya ishirini na mbili mwalimu alishindwa mara tatu mfululizo, akarudisha mihogo, akapakiwa lorini na pikipiki yake. Fundi alisimama mlangoni akimpungia mkono. Sijaona mtu mwenye furaha chafu namna ile.

Baada ya hapo mtaa ukajifunza. Ukisikia harufu ya vitunguu kwa jirani, moyo unakulipuka. Watu walifunga milango mchana wakajifanya wamesafiri. Hodi ikipigwa, baba anaingia uvunguni na mama anabana pua asipige chafya. Wizara ikatutangaza mtaa wa mfano kwa kuongezeka kwa sahani asilimia mia tatu, tukapewa ubao wa shaba tuutundike kwenye nguzo. Ulidumu siku mbili, mtu akauiba, na kila mmoja wetu alikuwa na uhakika ni jirani yake.

*

Mwenyekiti wetu, Bwana Kwembe, alikuwa na gari. Lilikuwa kubwa, jeusi, refu kupita akili, na mtaa wetu ni kichochoro kisichotokea. Kuingia liliingia, ila kugeuka lilishindwa. Ilibidi kila asubuhi Mwenyekiti atoke kinyumenyume mita mia mbili, shingo imepinda, mlinzi wake akitembea nyuma na kupiga kelele, "Njoo, njoo, njoo, simama!" Wananchi walimwona kiongozi wao akitanguliwa na matako ya gari, na hadhi ikapungua.

Mahali pekee ambapo gari lingeweza kugeukia palikuwa na jiko la Bi Sikudhani.

Bi Sikudhani, ambaye wote tulimwita Bi Siku, alikaa namba kumi na tano, ukuta kwa ukuta na mimi. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye kifua cha pumu na mdomo usiochagua mtu. Aliuza vitumbua. Nyumba ile ya vyumba viwili aliijenga na marehemu mumewe kwa mikono yao, tofali kwa tofali, na hakuwa na nyingine, wala mtoto, wala ndugu wa kumpokea. Angeondoka humo asingekuwa na pa kwenda ila Kwa Mbali, na kwa pumu ile, Kwa Mbali asingemaliza kiangazi kimoja. Hayo niliyajua, kila mtu aliyajua.

Ni kweli pia kwamba miaka kumi na sita kabla ya hapo, mama Riziki alipolazwa hospitali miezi minne, Bi Siku ndiye aliyemlisha asubuhi, mchana na jioni binti yangu Riziki, ambaye sasa alikuwa shule ya bweni, na Riziki alijifunza kutembea kwa kushika ukuta wa jiko lile. Jambo hilo halihusiani na kazi ya ofisi, nami silitaji kwa sababu yoyote.

Mwenyekiti alianza kwa ustaarabu. Alikwenda mwenyewe, akasimama uani akipima kwa hatua za viatu vyake.

"Bi Siku, jiko lako linazuia maendeleo."

Bi Siku alikuwa anageuza vitumbua. Hakuinua macho. "Mwanangu Kwembe, maendeleo si yana magurudumu? Yapite palepale yanapopitaga."

"Yanatoka kinyumenyume, Bi Siku! Mimi ni mwenyekiti!"

"Basi nunua dogo."

Mwenyekiti aliondoka akitabasamu. Mimi nilimfahamu, na tabasamu lile lilinipunguzia hamu ya chakula.

*

Jumatatu ikaja sahani ya kwanza kutoka kwa Mwenyekiti kwenda namba kumi na tano. Biriani ya mbuzi, daraja la kwanza, na yai limekaa juu. Niliionja. Ilikuwa nzuri.

Kesho yake Bi Siku akaniletea sahani ya vitumbua kumi, vya moto, vimepangwa duara. Nikafungua Jedwali. Vitumbua vilikuwa ukurasa wa arobaini na saba. Nikagonga muhuri: HADHI HAIJATOSHA.

Jumatano ikaenda sahani ya pili, kamba wakubwa wa nazi na wali wa zafarani. Bi Siku alichinja kuku wake, na alikuwa naye huyo mmoja tu, jogoo mzee mkali aliyekuwa akimfukuza mlinzi wa Mwenyekiti. Aliniletea amempika kwa nazi nzito, ametoa jasho. Daraja la pili. Lakini kamba, kwa marekebisho ya mwezi uliopita, walikuwa wamepandishwa hadi la kwanza. Muhuri.

Aliutazama muda mrefu. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi.

"Baba Riziki, wewe ndiye unayesema sahani yangu haitoshi? Wewe?"

"Si mimi, Bi Siku. Ni Jedwali."

"Jedwali halijala kwangu. Wewe umekula."

"Bi Siku, mimi hapa nipo kikazi."

"Naona. Na kijiko unacho."

Ijumaa ikaja ya tatu. Ilibebwa na mlinzi na dereva wakisaidizana, kwa sababu ilikuwa paja zima la mbuzi limelazwa kwenye sinia, limezungukwa na maandazi, na juu wamelichomeka kibendera cha taifa ili asiyekubali kulipokea aonekane amekataa nchi. Jumamosi asubuhi Bi Siku alileta wali na maharage. Aliuweka mezani, akaondoka kabla sijagonga. Maharage yalikuwa na karafuu kidogo, kama anavyoyapika yeye peke yake mtaani. Nilionja vijiko vitatu, nikaongeza cha nne, nikagonga muhuri wa tatu.

Usinitazame hivyo, msomaji. Wewe ungefanya nini, na una muhuri?

*

Baraza la Ujirani lilikaa chini ya turubai lililofungwa kutoka kwenye ukuta wangu hadi ukuta wa Bi Siku. Wilaya ilimtuma Afisa Ujirani, Bwana Nyagawa, mtu mwembamba mwenye miwani mbili, moja ya kusomea sheria na nyingine ya kutazamia watu. Hiyo ya pili hakuivaa.

Alifungua kwa hotuba. "Waheshimiwa majirani! Ujirani si ukuta. Ujirani si paa. Ujirani ni nini? Ujirani ni utaratibu! Na asiyefuata utaratibu amejibomolea mwenyewe ukuta ambao, kama nilivyosema, si ujirani!" Mwenyekiti Kwembe alipiga makofi akisimama. Nasi tukasimama.

Bi Siku aliwekwa kwenye kigoda katikati. Afisa akamwuliza kama ana ushahidi wowote wa kuwa jirani.

"Muulizeni yeyote aliyekaa hapa kama hajala kwangu," akasema.

Palikuwa na watu sitini. Fundi seremala akaanza kukagua kucha zake. Mama mmoja akamfunga mwanawe kifungo ambacho kilikuwa kimeshafungwa. Mwenyekiti alitazama turubai. Mimi nilikuwa naandika, na mtu anayeandika hawezi kuinua kichwa.

"Una stakabadhi?" akauliza Afisa.

"Ya nini?"

"Ya chakula unachodai ulikipeleka. Tarehe, aina, sahihi ya mpokeaji."

"We mwanangu, mtoto wa mwenzio analia njaa, unamwandikia stakabadhi?"

Afisa akanigeukia. "Katibu, andika: mtuhumiwa amekiri kulisha bila kumbukumbu." Nikaandika. Mwandiko wangu siku ile ulikuwa mzuri sana.

Akatangazwa Asiye Jirani. Lori litakuja Jumamosi saa tatu asubuhi. Watu walitawanyika haraka, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kutosema. Jioni ile mama Riziki alinitengea chakula, akakaa mbele yangu bila kula.

"Ulikuwa useme neno moja tu," alisema. "Moja. Ungesema, 'Mimi nimekula.'"

"Na ningeondolewa."

"Ungeondolewa. Sasa umebaki. Hongera."

*

Jumamosi lori lilifika, na Afisa Nyagawa mbele pamoja na dereva. Bi Siku alikuwa ameshatoa vitu vyake: kitanda cha kamba, sanduku la bati, chuma cha kukaangia vitumbua. Mwenyekiti aliwasha gari lake asubuhi ile bila sababu, likawa linanguruma tu, linasubiri.

"Nipo tayari," Bi Siku alisema. "Nataka kwanza nipite nikusanye vyombo vyangu."

Afisa alivaa miwani ya kusomea, akasoma sheria, akaridhika. "Sawa. Anayeondolewa aondoke na mali yake yote. Nitafuatana nawe kuorodhesha."

Nilimwona Mwenyekiti akizima gari.

Wanaume huwa hatujui vyombo vinakaaje ndani ya nyumba. Tunakula tu. Lakini kila mwanamke wa mtaa wetu huweka alama chini ya vyombo vyake kwa rangi ya kucha, visipotee kwenye shughuli na misiba. Alama ya Bi Siku ilikuwa nukta mbili nyekundu na mstari. Na desturi ile ya kutorudisha sahani tupu ilikuwa na udhaifu ambao Bunge halikuufikiria: mtu alisubiri hadi apate kitu cha maana cha kutia ndani, ndipo arudishe. Wengi wetu tulikuwa bado tunasubiri. Kwa miaka ishirini na mbili sahani za Bi Siku zilikuwa zimeingia kwenye nyumba zetu zikiwa zimejaa, na hazikutoka. Tulizilia, tulizifunikia vyungu, tuliwawekea kuku maji. Nyumba zote thelathini na moja za Mtaa wa Upendano zilikuwa na chombo cha jirani kilichozidi saa ishirini na nne. Kwa Mwenyekiti Kwembe mwenyewe palikuwa na bakuli kubwa la udongo lililobaki tangu arobaini ya mama yake.

Mwenyekiti alinishika mkono akanivuta nyuma ya nguzo. "Katibu, pita nyumba kwa nyumba. Waambie wavunje."

"Wavunje nini, Mwenyekiti?"

"Vyote! Upesi! Anaanzia namba moja!"

Nikapita uani kwa uani, nikipenyeza kichwa madirishani. Sikuhitaji kueleza mara mbili kwa mtu. Ghafla mtaa mzima ukaanza kulia kwa vyombo: vikombe, mabakuli, sahani za maua, vyote vinagonga sakafu. Kwa Mwenyekiti lile bakuli la udongo lilipigwa mchi mara moja tu likapasuka vipande vinne. Namba sita, mwenye nyumba hakujua alama ni ipi, kwa hofu akavunja kabati zima, pamoja na sahani za Sikukuu ya Taifa zenye picha ya Jirani Mkuu. Alipoona jicho la Jirani Mkuu linamtazama kutoka kwenye kigae, akapiga saluti, akakizika.

Nje, Bi Siku alikuwa anapita na karai tupu, Afisa nyuma yake na daftari.

"Hodi. Nimefuata sahani yangu, ile ya maua."

"Sahani? Sahani gani, Bi Siku? Hatujapata kuwa na sahani."

"Na chakula mnatilia wapi?"

"Mikononi. Tangu zamani."

Nyumba ya kwanza, ya pili, ya kumi. Wengine walikuwa wanamjibu huku wakifagia. Alivisikia vigae vikikwaruza chini ya ufagio, na kila mlango alioondoka, pumu yake ilipiga filimbi kidogo zaidi. Alipofika namba kumi na moja aliacha kuuliza. Alisimama tu mlangoni na karai lake, wakatikisa kichwa, akaenda mwingine.

Nikakimbilia nyumbani. Mama Riziki alikuwa jikoni, ana sufuria ya wali motoni. Nikafungua kabati nikapekua kama mwizi, na chini kabisa nikaiona. Nukta mbili na mstari. Nikaitupa sakafuni kwa nguvu zangu zote.

Ikaruka. Ikalia kama kengele, ikazunguka, ikatulia.

Ilikuwa ya bati. Bi Siku, alipokuwa anamlisha Riziki, alichagua ya bati kwa sababu mtoto mdogo huangusha. Nikaipiga kwa mchi. Rangi ikabanduka pembeni. Nikapanda juu yake kwa miguu miwili, na kilo zangu zote za serikali, ikapinda kidogo ikarudi ilivyokuwa. Niliipiga tena na tena, jasho linanitoka, natukana sahani, nawatukana majirani, namtukana Bi Siku aliyetulisha bila sisi kumwomba. Nilimchukia kwa kweli dakika ile. Asingetulisha, leo tungekuwa watu safi.

Mama Riziki alikuwa ananitazama. Aliinama, akaichukua chini ya mguu wangu, akaiosha, akaifuta kwa khanga yake. Kisha akafunua sufuria, akapakua wali, akamwagia mchuzi wa samaki, akaweka na kipande cha limau.

"Unafanya nini? Mama Riziki, yuko na Afisa! Miaka kumi na sita tumekaa nayo! Tutapakiwa!"

"Isirudi tupu," alisema. "Si ndivyo mnavyotaka?"

Akatoka nayo mlango wa mbele, mbele ya mtaa mzima. Mimi nikatoka mlango wa uani, nikazunguka, nikajitokeza barabarani nikitokea upande mwingine kama mtu aliyekuwa anapita.

"Bi Siku, nisamehe imechelewa," mama Riziki alikuwa anasema. "Hii sahani yako. Mwanangu alilishwa nayo."

Bi Siku aliipokea kwa mikono miwili. Aliigeuza kidogo kutazama chini, mchuzi ukamwagikia vidole. Aliketi juu ya sanduku lake la bati, kando ya lori, akanawa kwa maji ya kopo, akaanza kula.

Afisa alivaa miwani ya sheria. Akamwandika mama Riziki kuwa Asiye Jirani, kwa herufi kubwa, akamwuliza kama ana nguo za kuchukua. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi Katibu.

"Nyumba aliyotoka huyu mama, namba kumi na nne. Mwenyewe nani?"

Mwenyekiti Kwembe alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale. Ananijua tangu tukiwa vijana. Alikuwa ananisubiri.

"Siifahamu," nikasema.

Mama Riziki alinitazama, si kwa muda mrefu. Akaingia ndani kuchukua khanga zake.

"Haina mwenyewe," Afisa akaandika. Akapuliza wino. Mwenyekiti akafungua lango langu dogo, akaingia uani, nikamsikia akihesabu hatua kutoka kwenye jiko la Bi Siku hadi kwenye kitanda changu. Gari lile, alimwambia mlinzi, kwa kweli lilihitaji nafasi zaidi kuliko alivyodhani.

Nilibaki katikati ya barabara na muhuri mfukoni. Tangu jana asubuhi sikuwa nimekula, na samaki yule alikuwa ananukia mtaa mzima.

Bi Siku akasogea kidogo kwenye sanduku, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Baba Riziki," akasema, mdomo una wali. "Karibu tule."

Nikamwambia nimeshiba.